Maroboti Yaliyokuja kwa Mkono wa Mtu

Nina tabia ya kukipindua kila kitu nikaangalia chini yake. Sahani, kiatu, karatasi ya peremende, saa ya ukutani ya wenyewe: nikikishika lazima nione kimetengenezwa wapi na kimefungwaje. Nyanya yangu, mama yake mama, alikuwa akisema siku nitakapoolewa nitampindua bwana harusi mbele ya watu nitafute muhuri wa kiwanda. Watu hudhani nilizaliwa hivyo. Mimi huwa nayatupia lawama maroboti.

Nilikutana nayo dirishani kwa jirani, huko Timbwani, Likoni, miaka ya themanini, wakati ambapo mwenye televisheni mtaani hakuwa na dirisha lake peke yake. Watoto tulijazana nje tukashika nondo, na mwenye nyumba akituchoka alivuta pazia. Katuni yenyewe ilikuwa ya majitu ya chuma yaliyokimbia nyota iliyokufa yakaja kujificha duniani. Yalijificha kwa kujikunja. Moja likawa lori, jingine kichwa cha treni, jingine ndege, jingine mashine ya kuinulia mizigo bandarini. Yalikuwa makundi mawili yaliyochukiana: Walinzi, wenye alama ya jicho kifuani, na Waporaji, wenye alama ya ukucha. Hivyo ndivyo tulivyoyaita sisi wa dirishani. Kiingereza chao kilikwenda kasi na hakuna aliyekuwa na subira ya kukifuata.

Nilichokiokota katika katuni ile ni kimoja tu, kwamba kitu kikionekana cha kawaida sana basi hapo ndipo pa kuangalia mara mbili. Watoto wa kwingine labda waliona mchezo. Mimi nilikuwa mtoto wa Likoni, na kila tulipovuka feri kwenda mjini niliziona winchi za bandari zimesimama kule zimeinamisha shingo. Kulikuwa na moja ambayo sikuwahi kuiona ikisogea, nayo niliitilia shaka kwa moyo wote. Niliiogopa, na papo hapo niliomba siku moja ipige hatua.

Wenzangu wa kike waliona haya kwa niaba yangu. Walikuwa wakiruka kamba na kujifunza kupaka hina, na mimi nachora viungo vya magoti ya chuma mchangani. Wavulana nao walinikubali kwa shingo upande, kwa sababu nilikuwa najua zaidi yao na sikuficha. Televisheni ya jirani haikuwa na rangi, kwa hiyo mtaa uligawanyika juu ya rangi ya kiongozi wa Walinzi. Wengi waliapa ni mwekundu. Mimi nilikuwa na hakika ni samawati, nikanuniana na watu kwa ajili hiyo. Vipindi navyo vilirukwa. Wiki hii jitu limevunjika mguu, wiki ijayo linatembea, na hakuna aliyetueleza. Niliamini kuko mtu Nairobi anayevitazama vyote peke yake kisha anatuletea makombo, na mpaka leo sijaona sababu ya kuiacha imani hiyo.

Baba alikuwa Uarabuni, akiendesha lori la maji. Aliondoka nikiwa mdogo, akaja mara moja, akafunga Ramadhani nasi, akaondoka tena. Sura yake niliijua zaidi kwa picha iliyokuwa kabatini kwa mama. Lakini kila baada ya muda alituma kitu, na siku zile kitu cha maana hakikutiwa posta. Kilitumwa kwa mkono wa mtu anayerudi nyumbani.

Mtu huyo alikuwa na adabu zake za kufuata. Hapigi hodi akakabidhi mfuko akaenda zake. Huingia, hukaribishwa ukumbini, huletewa sharubati na chakula, na kabla mfuko haujaguswa hutoa salamu, neno kwa neno kama alivyopewa. "Mumeo akusalimu sana. Yu mzima. Asema mumuombee dua. Asema mtoto asome." Mama alikuwa akikaa nyuma ya pazia la mlango, akijibu taratibu, na nyanya akikaa mbele ya mgeni akihakikisha hakuna kilichosahauliwa. Nyanya alikuwa mkali sana juu ya jambo hilo. Kwake salamu ni amana, na aliyekabidhiwa hana ruhusa ya kuzifupisha. Ilikuwa adabu ngumu kwa mtoto aliyekuwa anauona mfuko umekaa pale sakafuni na pembe ya sanduku imechomoza.

Mara ya kwanza, chini ya vitambaa na sabuni za kunukia, mlikuwa na sanduku la karatasi ngumu lenye dirisha la nailoni, na ndani yake kiongozi wa Walinzi mwenyewe. Alikuwa mwekundu. Nilishindwa katika ugomvi wa muda mrefu na sikujali hata kidogo. Nyuma ya sanduku kulikuwa na picha ndogo ndogo za wenzake wote, na pembeni kibandiko cha duka cha Kiarabu, ambacho nilikisoma herufi kwa herufi kwa kisomo changu cha chuo cha Kurani bila kuelewa neno. Niliuliza baba alijuaje. Mama akasema alimpelekea habari katika salamu zake, kwamba mtoto amepagawa na majitu ya chuma. Kwa hiyo alikuwepo mtu mmoja, aliyekuwa mbali kuliko wote, aliyelichukua jambo langu kwa uzito wake, akaingia dukani akauliza. Nililipenda roboti lile kwa sababu ya hadithi yake, lakini nililipenda zaidi kwa sababu hiyo.

Nyanya hakulipenda kwa sababu yoyote. Kitu chenye kichwa na macho hakilali nyumba inayosomwa Kurani, alisema, malaika hawaingii. Nikaenda kwa ustadhi wetu na roboti mkononi, nikamwonyesha kuwa likikunjwa ni lori tu, na lori lina kosa gani? Ustadhi akalishika. Akalikunja, akalikunjua, akalikunja tena, akakaa nalo muda mrefu kuliko suala lenyewe lilivyohitaji. Mwishowe akatoa hukumu. "Likiwa gari na liingie," akasema. "Likiwa mtu likae nje." Nyanya aliikubali, na tangu siku hiyo maroboti yangu yote yalilala ndani yamejikunja kuwa vyombo vya kusafiria, na vita vyote vilipiganwa uani karibu na birika la maji.

Yakaja mengine kwa njia hiyo hiyo, kila moja na mgeni wake na salamu zake: treni, kisha ndege. Nami mapenzi yakawa yananipanda kichwani. Katika marobota ya nguo kuukuu vilikuwa vikipatikana vitabu vya picha vya majitu yale yale, kurasa zimechanika, hadithi inaanzia katikati na kuishia pabaya. Nilivisoma mpaka nikajua kuwa kitabuni yule jitu wa treni alikuwa amekufa kitambo, ilhali katika televisheni alikuwa bado anakimbia relini. Jambo hilo lilinisumbua kweli. Nilitaka kujua ni nani anayesema ukweli, aliyechora au aliyepiga picha. Chingamu zikaanza kuja na stika zao, na katika stika jitu wa treni alikuwa Mporaji. Nikaamua kutomwamini yeyote asiyeweza kunionyesha alama ya kifuani kwa karibu.

Ilipoingia miaka ya tisini pakafunguliwa kibanda cha video karibu na kwetu. Mwenyewe alikuwa mtu mnene, mpole, wa kikoi na fulana, na alikuwa na kaseti moja ya filamu ndefu ya majitu yale aliyoipata kwa mabaharia. Maneno yake hayakuwa Kiingereza wala Kiarabu wala lugha yoyote tuliyoijua. Basi yeye alisimama kando ya kioo na kijiti mkononi akatufasiria. Niliitazama kaseti ile mara nyingi kiasi cha kugundua kuwa fasiri yake haisimami mahali pamoja. Safari moja kiongozi wa Walinzi alikuwa anamwomba ndugu yake radhi, safari nyingine kwa maneno yale yale anamdai mahari. Nilimwambia. Akaniambia nikiona najua zaidi nije mimi nifasiri. Nikaja, nikafasiri, na watu walikaa mpaka mwisho. Tangu hapo tuliheshimiana, kila mmoja akijua kuwa mwenzake anabuni.

Roboti lililokuwa kubwa kuliko yote lililetwa na mtu wa Chaani aliyekuwa akifanya kazi pamoja na baba. Mgeni huyu hakula vizuri. Alimega mkate akauacha sahanini. Alitoa salamu fupi sana, nyanya akawa anangoja ziendelee nazo haziendelei, kisha akaukabidhi mfuko kabla hajamaliza sharubati. "Mpeni mtoto akacheze nje," akasema. Ndani mlikuwa na winchi. Ilikuwa na shingo ndefu ya manjano, ndoano yenye uzi wa kweli uliovutika, na ukiikunjua inasimama juu kupita goti langu. Nilitoka nayo barazani na watoto wa mtaa wakanizunguka, tukacheka mpaka mbavu zikauma, hata wale walioninunia kwa ajili ya rangi. Sijui kama nimewahi kufurahi namna ile tena. Niliporudi ndani mgeni alikuwa ameshaondoka, na mama amelala, akasema kichwa kinamuuma.

Miezi iliyofuata mama akawa hatoki. Alisema mgongo. Harusi ya binti wa nduguye ilipita, yeye ambaye harusi ilikuwa haimpiti, akasema ni mgongo huo huo. Nyanya ndiye aliyekwenda sokoni. Kisha mgongo ukapona, na mama akaanza kushona kofia za kuuza na kupika mahamri na mbaazi za asubuhi barazani. Mbaazi na nazi alizifuata soko la Kongowea, kwa bei ya jumla, akivuka feri alfajiri na kurudi jua likiwa limepanda. Nilidhani amechoka kukaa bure. Mimi nilikuwa na winchi yangu na akili yangu yote ilikuwa huko.

Ndipo likaja roboti lisilo na mtu.

"Babako kakutumia," mama alisema, akaniwekea mfuko wa plastiki magotini.

"Kaleta nani?"

"Mtu."

"Yuwapi?"

"Alikuwa na haraka, mwanangu. Keshakwenda zake."

Nikamtazama nyanya. Nyanya alikuwa anachambua mchele ambao nilimwona akiuchambua asubuhi.

"Na salamu?"

"Salamu zipo. Akusalimu sana."

"Asemaje?"

"Asema usome," mama akajibu, akaingia jikoni.

Nyumbani kwetu hajawahi kutokea mgeni wa Uarabuni mwenye haraka. Nyanya angemkalisha kwa nguvu. Yule wa Chaani, pamoja na yote, alikalishwa, akatiliwa sharubati. Na hapa nyanya, mwenye amana zake, hata hakuuliza mtu huyo ni mwana wa nani. Nilikaa na mfuko magotini. Nilihisi nimefichwa jambo, na wanaonificha ni hawa wawili ninaowapenda.

Nikalitoa roboti. Halikuwa na sanduku. Goti lilikunjikia mbele, jambo ambalo lingelifanya lianguke kifudifudi vitani. Kifuani lilikuwa na jicho na mguuni lilikuwa na ukucha, yaani lilikuwa Mlinzi na Mporaji kwa pamoja, na hilo halikutokea katika televisheni wala kitabuni wala katika stika, ambazo zilikuwa hodari wa uongo. Nikalinusa. Vitu vya baba vilikuwa vikinuka sabuni. Hili lilinuka vitunguu.

Nikaenda nalo kwa mwenye kibanda, nikamwomba aisimamishe kaseti pale jitu linapojikunjua taratibu. Alisema picha ikisimama hukwaruza mashine, lakini akaisimamisha. Tukaliweka roboti karibu na kioo, tukatazama, yeye na kijiti chake.

"Hili la Kongowea," akasema. "Yako chungu nzima kule penye mitumba. Kakuuzia nani?"

"Baba kanitumia."

Alinitazama kidogo. Kisha akasema basi ni zuri, na akaiachia kaseti iendelee.

Kuanzia siku hiyo sikuwa na raha. Yakaja mengine, yote bila mtu, yote ya magoti ya kinyume, na kila mara mama alisema babako kakutumia na kila mara baba alisema nisome. Nilikuwa na umri wa kutosha kujua kwamba siyatafuti tena maroboti. Nilitaka kujua kama baba bado ananiulizia. Hilo tu. Kama huko aliko, akimaliza kazi, hukumbuka kuwa ana mtoto Likoni anayependa majitu ya chuma, au kama ameshasahau na mimi nacheza na kitu kingine kabisa.

Kwanza niliogopa kuwa amekufa. Lakini nilijua mwanamke aliyefiwa na mumewe hukaaje. Jirani yetu mmoja alifiwa, akakaa ndani miezi minne na siku kumi, nguo nyeupe, hana wanja wala marashi, na mtaa wote ukijua na ukiingia kumpa pole. Mama hakuvaa nyeupe. Hapakuwa na matanga wala hitima. Kwa hiyo baba yu hai. Niliipenda hoja hii kwa jinsi ilivyojifunga pande zote, nikalala usingizi siku kadhaa. Eda niliyoijua ilikuwa hiyo moja tu.

Kisha nikamshuku mjomba, ndugu yake mama aliyekaa Changamwe. Alikuwa akija Ijumaa na mkoba mweusi asiouacha. Nikawaza kwamba baba hutuma maroboti ya haki, mjomba huyapokea, huyauza, akatununulia yale ya vitunguu. Ijumaa moja alipokwenda msikitini nikaufungua mkoba. Akarudi kuchukua kofia yake akanikuta nimetia mkono mpaka kiwiko.

"Watafuta nini?"

"Roboti."

"Ndani ya andazi langu?"

Kweli mlikuwa na andazi na soksi na taulo. Hakunisema kwa mama. Alinipa nusu ya lile andazi, akaketi, akataka kusema jambo, akasema tu nisimchokoze mama siku hizi. Nikamtoa katika orodha yangu na shaka ikarudi pale pale ilipoanzia, jikoni.

Basi nikatega. Siku moja mama anapima ukindu wa mkeka nikamwambia limetoka roboti jipya, nimeliona kitabuni. Ni la kijani. Linajikunja likawa feri, na milango yake miwili mikubwa, ile inayolala chini magari yakipita, ikiinuka huwa ndiyo mikono. "Mwambie baba hilo ndilo nitakalo," nikasema. "Na kama hakulipata, asitume kitu tena."

Halikuwepo. Niliyajua yote, ya kwenye masanduku, ya vitabuni, ya kwenye stika, hata yale ya mchezo wa televisheni uliokuwa umefika mjini na ambao nilikuwa nimeucheza mara moja na kuota wiki nzima. Hakuna kiwanda duniani kilichowahi kuiwazia feri ya Likoni. Kama kweli baba ndiye anayenunua, ataingia dukani, ataambiwa hakuna, na salamu zitarudi kusema hakuna. Anayenidanganya hatakuwa na duka la kuuliza. Ataanza kutafuta sababu, na mimi nilikuwa hodari wa kuzitambua sababu.

Mama hakutafuta sababu. Aliuliza maswali. Kijani gani, cha jani la mgomba au cha mlango wa msikiti? Mikono inafikia wapi? Likisimama, abiria huenda wapi? Nilijibu yote bila kusita, huku nikidhani ananipima kama nasema uongo, nikajivunia kuwa hajaninasa.

Lilikuja siku ya Idd, limefungwa ndani ya kitambaa. Nyumba ilikuwa inanuka udi na nguo mpya. Nililipokea nikaona uzito wake si wa plastiki. Lilikuwa la bati. Milango ilikuwa imetiwa bawaba ndogo ndogo, zile za visanduku vya vito, na ikiinuliwa ilikuwa mikono kweli, yenye vidole vilivyokatwa kwa mkasi. Kijani chake kilikuwa cha mlango wa msikiti, kibichi bado, kimeacha alama kwenye kitambaa. Nikaliinamisha. Kule chini ambako brashi haikufika kulikuwa na maandishi ya kopo la mafuta ya kupikia, lile lile lililokuwa jikoni kwetu.

"Babako kakutumia," mama akasema.

Kitu nilichokitunga kichwani mwangu, kisichokuwa katika kaseti wala kitabu wala duka la Mwarabu yeyote, kilikuwa mapajani mwangu, na bawaba zake zimetiwa mafuta zisilie.

"Mama," nikasema, "hili halipo."

"Halipo vipi, nawe umelishika?"

"Nalilibuni mimi. Hakuna roboti la feri. Nalitaka nione atalileta nani."

Mama hakukasirika, na hilo ndilo lililonitia hofu. Aliketi ukingoni mwa kitanda. Nyanya alikuwa mlangoni na sinia la vitumbua. Alisimama, akatutazama, akasema, "Mwambie, mwanangu. Huyu keshakuwa mtu mzima." Kisha akaenda uani na sinia lake.

"Ni fundi bati wa karibu na kwa mjombako," mama akaanza. "Yule atengezaye kandili. Kaniambia hajaona feri yenye miguu tangu azaliwe. Nikamwambia, wewe kata ninavyokwambia. Nimekwenda na kurudi mpaka akanichoka."

"Na baba?"

"Babako kaniacha."

Alilisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayekuambia chumvi imekwisha.

"Yule mtu wa Chaani, aliyeleta winchi," akasema. "Ndiye aliyekuja na talaka. Kwa mdomo. Alingoja utoke nje, ndipo akaisema, pale ukumbini, macho kayatia chini. Maskini, aliona haya. Sikumlaumu."

Nikaikumbuka miezi ya mgongo, na harusi iliyopita bila yeye, nikaelewa kuwa aliyeachwa naye hukaa eda, na mama aliikaa mbele ya macho yangu.

"Mbona hukunambia?"

"Nalikuwa nakusikia huko barazani. Wacheka. Sijakusikia ukicheka hivyo. Nikasema leo siwezi, nitamwambia kesho. Kesho ikafika nawe umeamka na winchi yako. Ikawa hivyo hivyo." Alikishika kitambaa chenye rangi akawa anakikunja magotini. "Tena mimi ndiye niliyeachwa, mwanangu. Wewe hukuachwa na mtu. Nikaona yakikoma kuja, utadhani nawe umo."

Nilitaka kulia na nilitaka kugombana, na sikujua nigombane na nani. Mtu wa kugombana naye alikuwa anaendesha lori la maji mahali nisipopajua. Mama alikuwa amekaa mbele yangu na vidole vyenye vitobo vya sindano za kofia, ukucha mmoja una kijani pembeni, na nikajua kuwa rangi alipaka yeye mwenyewe.

Swali langu lilikuwa limebaki lile moja.

"Siku hiyo," nikasema, "katika salamu zake. Baba aliniulizia?"

Mama alikikunjua kitambaa akakikunja upya. Huko nje watoto wa mtaa walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba kutaka senti zao za sikukuu.

"Alikuulizia," akasema. "Kasema usome."

Nilimjua mama anaposema kweli na nilimjua anaposema lisilo kweli, kwa sababu kwa miezi mingi sikuwa na kazi nyingine. Nilimtazama usoni, naye akanitazama.

"Mwambie nasoma," nikasema.

Mama akasema atamwambia.